Wakuu naombeni ushauri, redio ya flashi imezima haiwaki wala haichaji

Habari zenu wakuu. Mzee wangu anavua dagaa hapa Ujiji, usiku ziwani huwa anaenda na karedio kake ka kuchomeka flashi na memori kadi, kale kanakotumia betri ya BL-5C ya Nokia za tochi. Sasa kamezima ghafla, ukichomeka chaja hata kataa kekundu hakawaki.

Betri nimepima na mita inasoma volti 3.9 kwahiyo sio yenyewe, chaja nayo inatoa 5 na simu inachaji fresh. Nikafungua, nikakuta kutu ya kijani kwenye tundu la chaji na pale kwenye swichi (mvuke wa ziwa huo), nikasugua kwa mswaki na spiriti nikaacha ikauke, wapi. Ila kinachonichanganya, umeme wa betri unafika mpaka kwenye swichi, ukiwasha upande wa pili haupo.

Je niruke swichi na kawaya nijaribu au nitaunguza IC (ile chipu ya kwenye bodi)? Na kama ni swichi tu, mbona na chaji haiingii?

Fundi mmoja huku Mwanga kasema bodi imekufa ninunue mpya, mita hata hajashika, kaitikisa tu sikioni kama nazi. Mzee mpya hataki kuisikia, anasema hiyo inashika mpaka stesheni za Burundi akiwa katikati ya maji.

Pasi ya kuchomelea risasi ninayo ya wati 60, au ni kali sana kwa bodi ndogo hivi?