Deni la kiufundi limetulemea: tuandike mfumo upya au tukarabati?

Mwenye uzi: Wakuu, naomba ushauri. Mfumo wetu wa ankara una miaka 6, tupo wanne, na umejaa deni la kiufundi (msimbo wa njia za mkato unaotugharimu kila tukiugusa). Faili inayokokotoa malipo ina mistari 4,000, majaribio (msimbo wa kuhakiki msimbo) hakuna, ukigusa hapa panaharibika kule. Wawili kati yetu wanataka tuanze upya kabisa.

Nanga: Msiandike upya, mkuu. Mistari hiyo imebeba kanuni za biashara ambazo hazijaandikwa kwingine kokote. Mkiitupa, mtakumbushwa na malalamiko ya wateja. Tafuteni kwanza deni linalozaa riba, yaani msimbo mbovu mnaougusa kila mara, kwa amri hii ya git (programu inayotunza historia ya msimbo):

`git log --since="12 months ago" --name-only --pretty=format: | grep . | sort | uniq -c | sort -rn | head -20`

Hapo mtaona faili 20 zilizobadilishwa mara nyingi zaidi ndani ya mwaka. Anzeni na hizo. Faili mbaya isiyoguswa na mtu, iacheni ilale.

Kipimo: Kabla ya kukarabati, naseni tabia ya sasa. Chukueni ankara halisi kama 200, futeni majina ya wateja, zipitisheni kwenye msimbo ulivyo, hifadhini matokeo. Kila badiliko mlinganishe hadi senti. Mkikuta kosa la zamani, lirekebisheni kwenye komiti (badiliko linalohifadhiwa kwenye git) yake peke yake. Likichanganywa na usafi, namba zikitofautiana hamtajua kipi kimeleta tofauti. Angalieni pia saa: msimbo unaojiulizia tarehe ya leo utafelisha jaribio kesho. Tarehe iingie kama parameta (thamani ambayo msimbo unapewa kutoka nje).

Mwenye uzi: Asanteni sana. Na hifadhidata je? Safu ya "kiasi" ni kabla ya kodi kwenye jedwali moja, baada ya kodi kwenye jingine.

Nanga: Hilo linanitisha kuliko faili yenu ndefu. Ila msibadili jina la safu kwa mkupuo: wakati wa kupandisha toleo, seva za zamani na mpya huweza kufanya kazi pamoja, na za zamani zitatafuta safu ambayo haipo tena. Ongezeni safu mpya, muandike kwenye zote mbili, mjaze rekodi za nyuma kwa mafungu ya 1,000 ili jedwali lisifungwe muda mrefu, kisha mhamishe usomaji. Ya zamani ifutwe toleo la baadaye, pasipo msimbo wowote unaoitaja.

Kipimo: Na kwa bosi msiombe "mwezi wa usafi", mtakataliwa. Kila kazi inayogusa faili ile, makadirio yake ya muda yabebe pia kuchomoa humo fankisheni moja (kipande cha msimbo chenye kazi moja) na kuiwekea majaribio.