Naomba ushauri: matokeo ya R yanavuka pambizo kwenye PDF

Mwanzisha uzi: Ndugu wanajamvi, ninaandika tasnifu kwa R Markdown (mfumo wa kuchanganya maandishi na msimbo wa lugha ya takwimu ya R), na kila mstari wa matokeo unaanza na alama ##, huku herufi za mwisho za majedwali zikivuka pambizo la kulia. Niliandika options(width = 60), yaani upana wa herufi 60, kwenye konsoli, lakini hakuna kilichobadilika. Nimekosea wapi?

Mjumbe wa kwanza: Amri yako ni sahihi, ila umeiweka mahali pasipofaa. Ukibonyeza kitufe cha Knit, waraka huendeshwa katika kikao kipya cha R kisichojua lolote uliloandika kwenye konsoli, na knitr (kifurushi kinachoendesha msimbo wa waraka) huanza kwa kuweka upana wa herufi 75. Ukijumlisha alama ## na nafasi yake, mstari unafika herufi 78, ambazo kwa maandishi ya ukubwa wa 12 hazienei kwenye karatasi ya A4 yenye pambizo la kujalidi. Iweke amri hiyo ndani ya kipande cha kwanza cha msimbo, chenye include = FALSE (ili kiendeshwe bila kuonekana), pamoja na knitr::opts_chunk$set(comment = NA, message = FALSE), ambapo comment = NA huondoa ## na message = FALSE huficha jumbe. Vipande vyote vinavyofuata vitaitii, isipokuwa kile utakachokipa maagizo yake mwenyewe.

Mjumbe wa pili: Naunga mkono, ila nakusihi usiongeze warning = FALSE kwa waraka mzima. Data zilizoingizwa kwa mkono mara nyingi huwa na 12,5 badala ya 12.5, na as.numeric, inayogeuza maandishi kuwa namba, huigeuza kuwa NA (thamani inayokosekana) kwa kutoa onyo tu. Ukilizima onyo hilo, kisha ukakokotoa wastani kwa na.rm = TRUE, inayoruka NA, wastani wako utakosa vipimo nawe usijue. Lizime kwenye kipande kimoja kimoja, baada ya kulisoma. Vilevile, ukitumia collapse = TRUE, inayounganisha msimbo na matokeo katika kisanduku kimoja, bakiza ##, kwa sababu ndiyo inayomwezesha msomaji kunakili kisanduku chote na kukiendesha bila hitilafu, maana R huipuuza mistari inayoanza na #.

Mwanzisha uzi: Nashukuru sana, majedwali yamekaa vizuri. Sentensi ndefu ninayoichapa kwa cat ndiyo pekee ingali inavuka.

Mjumbe wa kwanza: Upana huo huongoza print, wala cat haivunji mistari kwa kuufuata. Ikiwa sentensi yako imo ndani ya x, andika cat(strwrap(x, width = 60), sep = "\n").