Naomba ushauri: wanataka damu ya mwanangu kwa utafiti wa vinasaba, nisaini?

Wakuu habari zenu. Mwanangu ana miaka 6, ana selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi). Mimi na mama yake wote ni AS, yaani tumebeba jeni moja ya ugonjwa bila kuumwa, na hatukujua kabisa mpaka alipovimba vidole vya mikono na miguu akiwa na miezi 8, tukadhani ni wadudu, kumbe ndo dalili yenyewe.

Sasa juzi kliniki nesi kanipa fomu ya kurasa 4, wanaomba kichupa kimoja cha damu wasome vinasaba vyake halafu data zihifadhiwe kwenye kompyuta pamoja na za watoto wengine maelfu, wanasema wanatafuta kwa nini mmoja anaumwa kila mwezi na mwingine anakaa mwaka mzima hajalazwa. Kwa kweli nimeguswa, maana utafiti wa namna hiyo ndo uliogundua jeni ya BCL11A, ile inayozima himoglobini ya uchanga ambayo haina selimundu, na 2023 Uingereza na Marekani wakapitisha tiba ya kuihariri jeni hiyo. Huku kwetu tumeshikilia haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa, na nayo kuna siku inakosekana.

Ila roho inasita. Fomu inasema sampuli inaweza kupelekwa nje ya nchi. Mama yake hataki, anasema taarifa zikivuja mtoto atakuja nyimwa bima au mchumba.

Waliowahi kusaini, mlirudishiwa majibu? Ile sheria ya Tanzania ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 inanilinda hata sampuli ikishavuka mpaka? Na nikibadili mawazo baadaye wanafuta kweli? Kliniki ni Alhamisi, nisaidieni.