Picha za maandamano: sura za vijana zifichwe ama ziachwe wazi?

MLETA MADA
Wadau, hii kitu tuijadili bila matusi. Tangu ile tarehe 25 Juni 2024 watu walipoingia Bunge hapa Nairobi kupinga Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, kila picha ya maandamano ikitoka utasikia, mbona mmeonyesha sura ya huyu kijana, mnataka aje abebwe usiku? Na hawaulizi bure, juu baada ya hapo watu walichukuliwa kwa nyumba zao na watu wasio na sare, wengine wakakaa siku nyingi familia haijui wako wapi.

Mimi ni mpigapicha wa habari, wa kujitegemea, nalipwa kwa picha. Msimamo wangu ni huu: kuziba sura kwa kompyuta baadaye sitaki, na picha ya kumuuza mtu kwa polisi pia sitaki. Kulinda mtu kunafanyika kabla hujabonyeza kamera. Pale Kenyatta Avenue gesi ikishalipuka unasogea hatua moja tu, jua linakuwa nyuma ya kijana, anabaki mweusi tii na bendera yake na bado mtu anaona kila kitu kuhusu ile siku. Ama unampiga kutoka mgongoni, bango linasomeka, polisi wako mbele yake wamejipanga. Mtu kashajifunga leso usoni, wewe unamvuta na lenzi ndefu ya milimita 200 mpaka macho yaonekane, ya nini? Lakini yule aliyesimama mbele ya gari la maji la polisi sura wazi, akaniangalia, akanipa na jina lake niandike chini ya picha, huyo nikimziba namnyang'anya kitu alichokuja kusema.

Na askari mwenye bunduki asizibwe. Hapo sirudi nyuma. Tarehe 17 Juni 2025 hapa tu mjini muuza barakoa alipigwa risasi kichwani kutoka karibu kabisa, baadaye akafariki. Bila kamera ingekuwa neno la mwananchi na neno la polisi, lakini kamera zilikuwepo na maafisa wakakamatwa. Nyinyi mnaonaje?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Hapo kwa "alinipa jina lake" ndio tunaachana. Kijana wa miaka 19, moyo unadunda, wenzake wanaimba nyuma, atakupa jina na namba ya kitambulisho ukitaka! Hajui hio picha itakuwa bado kwa mtandao akienda kutafuta kazi. Mwaka 2023 klabu moja hapa Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa, sasa mtu anayekunywa soda yake analindwa, anayehatarisha maisha halindwi? Alafu kuna kitu umeruka. Hio moja uliyotuma gazetini ilikuwa ya kivuli, sawa. Zile zingine zote umepiga kabla ya kupata hio zinaenda wapi? Ziko kwa memori kadi, na sura za watu ziko hapo zote. Siku ukinyang'anywa kamera utaniambia nini kuhusu jua na hatua moja?

MCHANGIAJI WA PILI
Dada, kuhusu sheria tusichanganye. Ile ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeweka nafasi ya uandishi wa habari palipo na maslahi ya umma, klabu ilikuwa inatafuta wateja. Mimi nimefanya hii kazi tangu enzi za filamu na naogopa hizi sura za kuzibwa zibwa. Mohamed Amin, mpigapicha, mtoto wa Nairobi, mwaka 1984 alienda Korem kule Ethiopia akarudi na sura za watu wenye njaa na dunia ikaamka, hebu ziba zile sura uone kama kuna mtu angetoa hata shilingi.

Kitu kingine, mnamlaumu mwenye kamera peke yake. Kumbukeni shambulizi la kigaidi la hoteli ya DusitD2 hapa Nairobi, Januari 2019, New York Times waliweka picha ya watu waliouawa wakiwa wamekaa mezani, Wakenya tukawaka, Baraza la Vyombo vya Habari likataka iondolewe. Na hasira nyingi zikamwangukia mwandishi wa ile stori ambaye picha hata hakuichagua yeye. Kuna mhariri kwa meza ya picha kule ofisini anaamua, na huyo hamumuoni barabarani.

MLETA MADA
Mzee wangu, nakuheshimu, ila wale wa Korem hakuna mtu angekuja kuwatafuta usiku kwa sababu wameonekana na njaa. Wa hapa wanatafutwa. Hio ndio tofauti na ni kubwa sana.

Dada, la memori kadi umenigusa pazuri. Venye mimi hufanya, naweka kadi mbili, nikishatuma kwa simu ile yenye kazi inatoka kwa kamera, na sura za watu ambao hawako kwa stori yoyote nazifuta jioni hio hio. Zenye askari sizifuti, hizo ni ushahidi na nakala inakaa mahali pengine. Najua pia jaketi ya presi haizuii kitu, Julai 2024 kule Nakuru mwandishi aliyekuwa ameivaa alipigwa risasi za mpira mguuni.

Lakini mzee ameleta la meza ya picha na hapo ndio kuna shida yenyewe. Nikituma picha tano, moja kivuli na bendera na nyingine sura ya msichana analia gesi imemwingia machoni, mnajua itakayochukuliwa. Itakayochukuliwa ndio inalipwa. Kwa hivyo mnaponiambia nilinde sura mnaniambia nilale njaa ili nimlinde, na mimi niko tayari mara nyingi, lakini yule mwenzangu mwenye kodi ya nyumba imechelewa miezi miwili hawezi. Wahariri mko humu, nawajua wengine. Mkubali kulipa picha ya mgongo bei sawa na ya uso, kuna anayeweza kusema ndio hapa hapa mbele ya watu?