Rubani wa jeshi na 51% ya Exetat: Kananga, shule ya kulipa, ao ufundi kwanza?

Mwana_Katuba
Bayaya, nisaidieni kulinganisha. Sekondari nilirudia mwaka, hesabu ikanisumbua mpaka mwisho, Exetat (mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari) nikapita na 51%, sekisheni ya biashara. Lakini moyo uko kwenye ndege za jeshi letu la Kongo, helikopta hasa. Naona njia tatu:
1. Kuingia jeshini kama askari wa kawaida, halafu niombe upande wa anga.
2. Kushindana niingie Chuo cha Kijeshi cha Kananga, nitoke afisa.
3. Familia iuze parseli (kiwanja) ya Ruashi, nisome urubani wa kiraia Afrika Kusini ao Ethiopia, kisha niombe kuingia jeshini na leseni mkononi.
Mjomba naye anasema Marekani, eti kule sekondari inatosha. Mungefanya nini?

Fundi_Luano
Ya 1 iache. Askari anaenda anakotumwa, hakuna wa kumuuliza anapenda nini. Kwa uafisa ni diploma ya serikali ndiyo inaombwa, na wewe unayo. Kazi iko kwenye mashindano, na hapo hesabu uliyoikimbia itakungojea mlangoni.

Ila usiiogope kupita kiasi. Hesabu ya ndani ya ndege ni nyepesi, shida yake ni haraka. Tuseme uko futi 34,000 unakuja Luano, uwanja wa ndege wa hapa Lubumbashi. Uwanja wetu wenyewe uko kama futi 4,300 juu ya bahari, kwa hiyo unatakiwa kushuka karibu 30,000. Toa sifuri tatu, zidisha mara 3: anza kushuka maili 90 za baharini kabla ya kufika. Ni tebo ya tatu ya shule ya msingi! Lakini uifanye kichwani huku redio inasema, upepo unasukuma, na mwenzako anakuuliza kitu kingine. Jipime nyumbani: mudogo wako akusomee namba huku muziki unapiga.

Mama_Ruashi
Kabla ya kuuza: hiyo parseli ni ya nani? Wadogo zako watakaa wapi?

Yaya_Kasapa
Mama amesema. Mimi ya 3 sikuikatai, ila jueni bei. Leseni ya rubani binafsi inaomba angalau saa 40 za kuruka. Ya biashara, ile ya kurusha kwa malipo, ni 200, ao 150 kama ni kozi ya mfululizo kwenye shule iliyokubaliwa. Kila saa ni mafuta na mwalimu, jumla ni makumi ya maelfu ya dola. Na jeshi halina deni na wewe. Unaweza kurudi na leseni wasikuchukue. Faida yake ni moja: hata wakikukataa, uko na kazi.

Halafu Kiingereza. Kule masomo yote ni kwa Kiingereza, na tangu 2008 rubani wa safari za kimataifa anadaiwa kiwango cha 4 cha lugha hiyo. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, si mbali, watoto wangapi wa hapa wanavuka kwenda Ndola na Kitwe kujifunza? Anzia pale, inagharimu kidogo kuliko parseli.

Kuhusu Marekani, mjomba anachanganya zamani na leo. Rubani wao Chuck Yeager aliingia jeshini 1941 kama fundi wa ndege, na sekondari tu, na tarehe 14 Oktoba 1947 akapita kasi ya sauti. Leo Jeshi la Anga lao linadai digrii. Helikopta za Jeshi la Nchi Kavu zinakubali diploma ya sekondari, ila lazima uwe raia wao.

Kijana_Bel-Air
Kananga haiko ndege, mudogo. Banakuamusha usiku ya kukimbia, na bunduki kwenye mabega 😂

Papa_Kamina
Huyo anacheka lakini amegusa penyewe. Mimi nimekulia karibu na kambi ya Kamina, pale Wabelgiji walipofundishia marubani wao miaka ya 1950. Nimeona wengi waliopenda ndege wasipende jeshi. Mwanangu, ukimaliza Kananga halafu wakupeleke kwa askari wa miguu, miaka kumi, utakubali? Ukisema ndiyo, ya 2 ni yako. Ukisitasita, ni ya 3, ao ufundi wa ndege: unagusa mashine kila siku bila kuuza kitu cha familia.

Mwana_Katuba
Asante Papa. Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Jambo lingine: mbali naona vizuri, ila nyekundu na kijani jioni zinanichanganya. Ni shida?

Fundi_Luano
Hapo ndipo ungeanzia! Miwani kwa kiraia inavumilika, rangi ni neno lingine. Kesho nenda kwa daktari wa macho, omba kile kipimo cha namba zilizofichwa kwenye nukta za rangi. Ni dakika chache. Ukikwama pale, ya 2 na ya 3 zote zinatikisika, na parseli isiguswe.

Mama_Ruashi
Na mtu akikuomba makuta (pesa) aandike jina lako kwenye liste ya Kananga, usimpe hata mia.

Mwana_Katuba
Mmoja ameshaniomba. Nitaenda kwa daktari kwanza.