Seva ya wingu haiwaki baada ya kusasisha keneli: "Unable to mount root fs"

Mlinda_Seva

Wakuu, salaam. Nina seva ya wingu yenye Ubuntu 22.04 inayobeba hifadhidata ya malipo ya ofisi yetu. Jana usiku niliisasisha kwa `apt upgrade`, keneli mpya (kiini cha mfumo endeshi) ikaingia, nikaiwasha upya, na tangu hapo haijibu SSH (njia ya kuingia kwa mbali) ingawa paneli ya mtoa huduma inaonyesha kwamba inafanya kazi. Kwenye konsoli umeganda mstari huu:

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Nimeizima na kuiwasha mara nne, na menyu ya GRUB (programu ya kuchagua keneli ya kuwasha) haitokezi hata mara moja. Je, diski imekufa, nirudishe nakala ya Jumapili na kukubali kupoteza miamala ya siku tatu?

Fundi_Konsoli

Usirudishe nakala, ndugu. Data yako kwa dalili hizi ipo salama. Sufuri mbili hizo maana yake ni kwamba keneli imepanda lakini haikupewa kifaa chochote cha kukitambua kama mzizi (sehemu ya diski yenye mfumo wenyewe). Seva nyingi huelekezwa kwenye mzizi kwa `root=UUID=` au kwa lebo, na keneli peke yake haijui kusoma maelekezo ya namna hiyo: kazi hiyo hufanywa na faili la `initrd.img` (mfumo mdogo wa muda wa kuwashia), ambalo nadhani kwako halikutengenezwa. Je, `/boot` (folda ya mafaili ya kuwashia) ni patisheni, yaani sehemu ya diski, ya peke yake, na ina ukubwa gani?

Mlinda_Seva

Ni ya peke yake, MB 512. Naona aibu kusema, lakini nakumbuka apt iliandika "No space left on device" katikati ya maandishi mengi, nami nikaendelea.

Fundi_Konsoli

Basi mchawi ni huyo: `/boot` ilijaa, na initrd ikakosa nafasi. Piga kwanza snepshoti (nakala ya papo hapo) ya diski, kisha zima seva, chomoa diski na uiunganishe kwenye seva nyingine nzima iliyokwisha kuwaka. Kwa mfano huu diski imejitokeza kama `vdb`. Hakikisha majina kwa `lsblk -f`:

```
mount /dev/vdb1 /mnt
mount /dev/vdb2 /mnt/boot
for d in dev proc sys run; do mount --bind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt
ls -lh /boot
```

Ukisahau mstari wa pili utatengeneza initrd ndani ya folda tupu, na seva itaanguka vilevile. Ondoa keneli za zamani kwa `apt purge`, ukibakiza moja iliyokuwa ikiwaka vizuri, kisha endesha `dpkg --configure -a`, `update-initramfs -c -k` ikifuatwa na namba kamili ya keneli mpya, na mwisho `update-grub`. Namba hiyo iandike mwenyewe kutokana na orodha ya `/boot`, kwa sababu `uname -r` ndani ya chroot (yaani ukiwa umeingia kwenye mfumo wa diski hiyo) hutaja keneli ya seva uliyoiazima.

Mzee_wa_Bash

Naongeza tahadhari moja iliyonigharimu nusu ya usiku. Ikiwa seva ya uokoaji (hiyo ya kuazima) imetoka kwenye picha ileile ya Ubuntu, diski zote mbili zinaweza kuwa na lebo `cloudimg-rootfs`. Usiiwashe upya ikiwa na diski ya mgonjwa, kwani inaweza kupachika mzizi usio wake. Mimi nilihariri mafaili kwa muda mrefu nikidhani nipo kwenye diski ya kuazima.

Mlinda_Seva

Imewaka, wakuu. Kwenye `/boot` kulikuwa na `vmlinuz` (mafaili ya keneli) tano na initrd nne, na ya keneli mpya ndiyo iliyokosekana. Nimeondoa keneli tatu za zamani, nikatengeneza initrd, na miamala yote ipo. Limebaki jambo moja: niliweka `GRUB_TIMEOUT=5` kwenye `/etc/default/grub` ili siku nyingine niweze kuchagua keneli ya zamani, lakini menyu bado haionekani.

Fundi_Konsoli

Picha za wingu za Ubuntu zina faili `/etc/default/grub.d/50-cloudimg-settings.cfg`, ambalo husomwa baada ya hilo lako na kurudisha muda kuwa 0. Badilisha humo, endesha `update-grub` tena, na uijaribu menyu leo ukiwa bado na snepshoti.