Tupeane uzoefu: Uliyelelewa na fundi wa reli, mzee alikuachia nini?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Jumamosi tumemaliza arobaini ya mzee. Kaondoka na miaka 92, na 36 kati ya hiyo aliimalizia Relwe. Naandika Relwe kwa sababu mpaka anakata kauli hakuwahi kuiita vingine. Aliingia 1951 enzi za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, Jumuiya ikavunjika 1977 akiwa kazini, akastaafu 1987 yuko Shirika la Reli Tanzania. Mwenyewe alisema kilichobadilika ni nembo ya kofia tu, gurudumu lilikuwa lilelile.

Alikuwa fundi wa mabehewa, Tabora. Wanaopajua wanajua reli inagawanyika pale, moja Kigoma, moja Mwanza. Treni ikifika inakatwa, mabehewa yanapangwa upya, na kabla haijaondoka lazima mtu apite chini akague. Baba alikuwa mmoja wa watu hao. Taa mkono wa kushoto, nyundo ya mpini mrefu mkono wa kulia, anagonga gurudumu mojamoja upande huu, kisha anazunguka upande wa pili. Gurudumu zima linalia ngiii, sauti inakaa hewani. Lenye ufa linajibu bwa, basi. Halafu anaweka kiganja kwenye boksi la ekseli, lile linaloshika ncha ya mhimili wa magurudumu. Likiwa vuguvugu, linapita. Likimfanya arudishe mkono haraka, behewa linakatwa, hata kama ndani yake amelala bwana mkubwa.

Tabu ni kwamba kazi hiyo alirudi nayo nyumbani. Mama hakuwahi kununua chungu ambacho mzee hakukigonga kwanza, sikio limeinamia pale, muuzaji kakasirika. Aligonga sufuria, kinu, miguu ya kitanda, na siku ya mahari ya dada aligonga hata jembe lililoletwa. Nilikuwa naona aibu kufuatana naye sokoni.

Siku za mwisho, daktari kijana alimlaza akawa anamgonga kifua kwa vidole, kama wafanyavyo. Mzee alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Akafumbua macho, akamuuliza, "Kinaliaje?" Daktari hakuelewa. Sisi tulielewa, tukacheka, dada akatoka nje.

Nyie wenzangu wa kota za reli, mzee alikuachia nini? Siulizi mali. Shusheni.

Mwana wa Boila, Nairobi

Pole sana ndugu yangu, Mungu amrehemu mzee. Wangu alikuwa fundi wa boila hapa Nairobi. Alizilea zile injini za mvuke za Garratt za daraja la 59, zilizoletwa katikati ya miaka ya 50. Zilikuwa 34, kila moja ina jina la mlima, na uzito unapita tani 250, zikitembea kwenye reli ya upana wa mita moja tu. Injini ikishapoa, mzee anaingia tanurini kupitia mlango wa kutilia moto. Mlango wenyewe nimeuona, mimi na hiki kitambi sithubutu. Huko ndani ni nyundo na chuma, siku nzima, umefungiwa kama uko ndani ya kengele.

Ndiyo maana nimesoma habari za masikio ya baba yako nikanyamaza kidogo. Wako alikula kwa masikio. Wangu, kazi ndiyo iliyoyala masikio. Alipofika miaka 50 tulikuwa tunamwamkia kwa kumgusa bega. Jioni mama alimtoa masizi ya masikioni kwa pamba na mafuta ya nazi, na mzee alikuwa anafumba macho kama mtoto anayenyolewa.

Akiwa na miaka 84 nilimpeleka makumbusho ya reli. Ipo 5918 pale, Mount Gelai. Akaingiza kichwa kwenye ule mlango, akakaa muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa. Nikamvuta shati, nikamuuliza kwa ishara anatafuta nini. Akajibu kwa sauti ya kiziwi, watu wote wakageuka: "Naangalia kama nilisahau kitu!"

Mleta mada

Mkuu, Gelai uko kwetu huku, karibu na Ziwa Natron. Mlituchukulia mlima 😂. Poleni kwa masikio ya mzee.

Kijukuu

Mimi ni mtoto wa karani, si fundi, ila naingia kwa sababu ya pasi, ile ya wafanyakazi wa reli kusafiri bure. Likizo tukipanda treni kwa pasi ya mzee tulikuwa tunajiona watoto wa waziri. Kumbe kapu la chakula limetoka nyumbani na hela ya soda hatuna. Endeleeni.

Mtoto wa Mlimba

Sisi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mnatusahau. Mzee wangu alichukuliwa kijana mwaka 1971, kwanza sururu na koleo, baadaye Mchina mmoja akamfundisha kuchomelea. Lugha hawakuwa nayo. Alisema fundi yule akiona kazi mbaya hakufoka, alikuwa anachukua tindo, anaikata yote, anamrudishia. Siku nzima inaanza upya. Nasi alitulea hivyohivyo. Ukifagia uwanja ukaacha kona, hasemi kitu, anachukua taka alizozikuta anazimwaga katikati.

Reli ile ni kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, lakini kwa mzee reli ilikuwa kipande cha milimani kati ya Mlimba na Makambako. Kila tukisafiri, tukikaribia madaraja, anasimama dirishani ananishika kichwa: "Hapo! Hapo! Unaona?" Treni imeshaingia handakini. Nimepita naye pengine mara ishirini, na mpaka tunamzika sikuwahi kuona alichokuwa ananionyesha. Nilikuwa namjibu, "Naona, baba."

Wa Njia

Samahani nitakuwa tofauti. Wangu alikuwa wa genge la njia: mtaimbo, mataruma ya kulazia reli, kokoto. Nyie mna hadithi za baba aliyerudi jioni. Sisi tulimwona mwisho wa mwezi, tena si kila mwezi. Tulimpa shikamoo kama mgeni, na wadogo walimkimbia. Mvua za El Niño za 1997 kuingia 1998, zilipobomoa njia huko Kilosa na Gulwe, ndiyo kabisa. Namkumbuka zaidi mgongo wake akiondoka alfajiri kuliko uso.

Alipostaafu alikuwa hajui nani kati yetu hali maharage. Lakini muulize umezaliwa lini, hakutajii tarehe. "Wewe ulizaliwa tuko Kidete, maji yamechukua tuta." "Huyu mwenzako tulikuwa tunabadilisha mataruma Godegode." Sote saba alituweka hivyo, na mama akikagua tarehe za kliniki hakukosea hata mmoja. Sijui niite nini hicho. Nimeandika tu kwa kuwa mmeuliza.

Mleta mada

Wa Njia, ahsante kwa kusema. Hao ndio waliokuwa wanampa mzee wangu gurudumu zima, njia ikiwa mbovu hata nyundo haisaidii.

Kijukuu

Mleta mada, nyundo iko wapi?

Mleta mada

Ya kazini aliirudisha siku anastaafu, akasaini daftari. Hii ya nyumbani aliitengeneza mwenyewe, na mpini ameubadilisha si chini ya mara nne. Iko kwangu, Dar. Binti yangu wa miaka sita ameiona tangu msiba. Jana usiku nasikia ngo, ngo jikoni, nikatoka. Yuko na mtungi wa gesi, sikio kaliinamisha. Akaniambia, "Baba, huu umebaki nusu."

Leo asubuhi umezimika chai ikiwa haijachemka.